Daftari la Pili la Akinyi

Vijana wangu mnaojiandaa kuwahudumia watoto waliopatwa na janga, nitaanza na kosa. Mema machache niliyoyafanya yameandikwa katika ripoti, na ripoti mtazisoma wenyewe mkizipata. Kosa langu halikuandikwa popote. Lilidumu muhula mzima, lilifanyika mbele ya watoto thelathini na tisa, na aliyeumia zaidi alikuwa msichana wa miaka minane aliyeniamini kuliko nilivyostahili kuaminiwa.

Msidhani nilikuwa mzembe. Nilitoka chuoni nikiwa na cheti cha ushauri nasaha, mkoba mweusi wa ngozi bandia na imani thabiti kwamba huzuni ya mtoto inaweza kupimwa. Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ndogo ya mabati kule Kawangware. Mafuriko yalikuwa yamepita katika nyumba za kando ya mto, na watoto waliookolewa kutoka juu ya mapaa walikuwa wamerudi darasani. Niliwagawia karatasi zenye nyuso tano zilizochorwa kwa mstari, kuanzia uso unaolia hadi uso unaocheka, nikamwomba kila mmoja atie alama kwenye uso unaofanana na moyo wake siku hiyo. Watoto arobaini na wawili walitia alama kwenye uso unaocheka. Wote.

Niliandika ripoti ya kurasa tatu kuhusu ukakamavu wa watoto wa Kawangware. Jioni, nikifunga lango, msichana mmoja alinisubiri na karatasi yake.

“Madam, nimepata zote?”

“Zote zipi?”

“Kwa hiyo mtihani. Moses alituambia jibu ni ile ya mwisho.”

Niliichana ripoti ile nikiwa bado nimesimama langoni. Watoto wa mitaa yetu hujifunza mapema kwamba mtu mzima mwenye karatasi mkononi ana jibu analolitaka, na kwamba adabu ni kumpa jibu hilo. Mtapewa fomu. Zijazeni, kwa kuwa mtadaiwa. Lakini msimwulize mtoto swali la moyo mkiwa mmeshika kalamu.

Hilo nililijifunza kwa aibu ndogo. La pili nilijifunza kwa aibu kubwa, miaka mingi baadaye, nikiwa na mvi na sifa ya mtu anayeijua kazi yake.

Wakati huo nilikuwa nimehamia shule moja ya Mashimoni, Kibera, ingawa niliendelea kuishi Kawangware. Kila asubuhi nilitembea, nikipita kando ya Soko la Toi wauza mitumba wakifungua marobota yao, kisha nikiteremka hadi shuleni. Nilifundisha Gredi ya Tatu, na nilikuwa mshauri wa shule nzima, kwa maana ya kwamba nilikuwa na kiti cha ziada na pakiti ya karatasi za kupangusia machozi.

Jumamosi moja mchana moto ulizuka Soweto West, mtaa mwingine wa Kibera, walikoishi wanafunzi wetu wengi. Chanzo chake kilisemwa hivi na vile, nami sitakisia. Nyumba zile zimeegemeana ukuta kwa ukuta, na vijia ni vyembamba kiasi kwamba maji yalipitishwa kwa mitungi, mkono kwa mkono. Kabla ya alasiri kulikuwa na mabati yaliyojikunja na watu waliosimama wakiyatazama. Kadhaa walikuwa wamekufa. Watoto kumi na mmoja wa darasa langu hawakuwa tena na nyumba. Mmoja, Bramwel, hakutoka.

Bramwel alikuwa na miaka tisa. Aliandika kwa mkono wa kushoto na kuzungumza kwa mdomo wote, kwa hiyo kila siku alikuwa nyuma ya ubao kwa mistari miwili. Aliyemsaidia ni mwenzake wa dawati, Akinyi, msichana mtulivu aliyemsogezea daftari lake anakili. Nilikuwa nikiwakemea. Akinyi alinijibu mara moja kwamba hakuwa akimpa majibu, alikuwa akimpa muda.

Jumatatu asubuhi watoto walikuja, wengine wakiwa wamevaa sweta za shule nyingine walizogawiwa kanisani. Hakuna aliyekimbia. Akinyi alikaa upande wake wa dawati na kuuacha upande wa pili wazi, kisha akainua mkono.

“Ticha, Bramwel ako wapi?”

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimeambiwa Jumapili, baada ya ibada. Na nilijua vizuri jinsi mtoto anavyopaswa kuambiwa: kwa maneno machache, ya kweli, na yasiyopambwa. Nilikuwa nimewafundisha walimu wenzangu hilo katika semina, na wakapiga makofi. Lakini macho thelathini na tisa, kwa maana ya jozi thelathini na tisa, yalikuwa yamenielekea, na sauti yangu ilikuwa imeanza kutetemeka, nami sikutaka waisikie ikivunjika.

“Ameenda ushago,” nikasema. “Fungueni ukurasa wa kumi na nne.”

Nyinyi mliokulia hapa mnajua kwa nini neno hilo lilikuja upesi. Katika mitaa yetu mtu asiyeonekana huwa ameenda ushago, yaani kijijini kwao. Mtoto anayeugua, mama aliyekosa kazi, baba aliyegombana na mwenye nyumba, wote wameenda ushago, na wengi wao hurudi wakiwa na unga na kuku. Ni jibu lisilohitaji swali la pili. Wazazi wa Bramwel walikuwa wakijiandaa kumzika Bungoma, nami nikajifariji kwamba nimetangulia ukweli kwa siku chache tu. Kabla ya kengele ya saa nne nilitoka, nikajificha nyuma ya jikoni, nikalia.

Sasa nimlete mwanamke aliyenifundisha kazi hii. Mama Nafula alikuwa mpishi wa shule. Hakuwa na cheti. Alikuwa na sufuria mbili, mwiko mrefu kama jembe, na desturi ya kutouliza mtoto kitu kabla hajamaliza kikombe cha uji.

Wiki ile ya kwanza, moshi wa jikoni ulipoingia darasani, watoto waliruka madirishani. Mmoja alijikojolea. Nilipendekeza tuhamishe jiko. Mama Nafula alisema atalihamisha wapi, na huko nyumbani kwao watahamisha majiko yote? Badala yake aliwaita watoto wachache wachache uani. Aliwasha vijiti viwili vya kuni ndani ya karai, akampa kila mtoto kikombe cha maji, akasema, “Ukitaka uzime, zima. Ukitaka ungoje, ngoja. Mimi niko hapa.”

Wa kwanza alimwaga maji kabla kiberiti hakijagusa kijiti. Wa tano alingoja mwali uinuke, akautazama, kisha akaumiminia maji taratibu kama mtu anayenywesha mche. Siku ya tatu kulikuwa na foleni. Siku ya nne watoto walikuwa wakizunguka nyuma na kupanga foleni mara ya pili, na Mama Nafula alikuwa akipiga kelele.

“Wewe si umezima asubuhi? Maji ya githeri imeisha! Mnataka nipike na mate?”

Walicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza nilichokisikia tangu Jumamosi ile. Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza jinsi ya kumrudishia mtoto hisia ya kuweza jambo. Sijapata maelezo yanayoshinda karai lile.

Ningekuwa na busara, ningemwuliza Mama Nafula siku hiyo hiyo kuhusu uongo wangu. Sikumwuliza. Uongo ulikuwa ukifanya kazi yake vizuri, au nilidhani hivyo. Hakuna aliyeuliza tena. Bramwel alizikwa, walimu wakatia sahihi kadi ya rambirambi, na mama yake akarudi Nairobi na binti yake mdogo, Sharleen. Na hapo sisi watu wazima tukafanya lingine. Mama yule alikuwa akiitwa Mama Bramwel tangu siku alipojifungua. Aliporudi, majirani walianza kumwita Mama Sharleen. Hakuna aliyekaa kikao kuliamua. Kila mmoja aliogopa kumtonesha, akachagua jina la mtoto aliye hai. Mimi pia.

Wiki ya tatu, nikisahihisha hesabu, nilikuta madaftari yamezidi kwa moja. Juu ya lile la ziada palikuwa pameandikwa jina la Bramwel. Ndani palikuwa na kazi yote ya wiki tatu: tarehe, vichwa vilivyopigiwa mstari, hata picha ya mmea wa mhindi tuliyochora katika somo la mazingira. Mwandiko ulikuwa wa kuegemea upande, mbaya, kama wa Bramwel, lakini nilizijua herufi za Akinyi. Nilimwita Akinyi.

“Ni wewe unayeandika hili?”

“Akirudi atapata amebaki nyuma, ticha. Na huwa anachoka akiandika mingi.”

“Na mbona hesabu hii umeikosea? Katika daftari lako umeipata.”

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. “Bramwel hajuangi kutoa ya kukopa. Nikiandika zote poa, si utajua ni mimi?”

Vijana, hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Mtoto alikuwa ameuleta moyo wake mezani pangu, umepigwa mistari na kuandikwa tarehe. Nilichotakiwa kufanya ni kuweka kalamu chini. Badala yake niliifungua kalamu nyekundu, nikatia tiki kwenye zilizo sahihi, nikatia mkasi, ile alama ya kosa, kwenye ile ya kukopa, nikaandika “Jitahidi.” Nikamrudishia. Na kuanzia siku hiyo nikawa nikisahihisha madaftari arobaini ya darasa lenye watoto thelathini na tisa.

Lililofuata ndilo linalonisumbua hata leo.

Katika darasa hilo kulikuwa na Halima, msichana wa jamii ya Wanubi. Wanubi hawana kijiji kingine cha kurudi. Kibera ndiko kwao tangu enzi za mababu zao, na wao huiita Kibra. Babu yake Halima alikuwa miongoni mwa wanaume walioingia katika moshi ule siku ya moto. Siku moja wakati wa mapumziko nilisikia zogo kwenye kamba ya kuruka. Akinyi, aliyekuwa hajawahi kumgusa mtu, alikuwa amemshika Halima nywele.

“Amesema Bramwel amekufa!” Akinyi alipiga kelele. “Mwambie, ticha! Mwambie ako ushago!”

“Ushago gani?” Halima alijibu akipigania kitambaa chake cha kichwani. “Sisi ushago yetu ni hapa hapa Kibra na hajaonekana! Babu yangu ndiye alimbeba!”

Uwanja mzima ulinigeukia. Nilikuwa na nafasi nyingine, na niliitumia vibaya kuliko ile ya kwanza. Nilimwambia Halima kwamba si vizuri kueneza habari za kutisha. Nilimtaka aombe msamaha. Mtoto aliyesema kweli nilimlazimisha kuomba msamaha kwa kusema kweli, tena mbele ya watu.

Halima alipangusa vumbi kwenye sketi. “Pole, Akinyi,” akasema. Kisha akanigeukia. “Pole pia wewe, ticha.”

Nilidhani ni ufidhuli. Nilimkazia macho hadi akaondoka.

Siku zikasonga. Daftari la Bramwel likajaa, Akinyi akashona karatasi nyingine kwa uzi. Nikaendelea kutia tiki.

Kisha, wiki ya mwisho ya muhula, mama yake Akinyi alinisimamisha langoni, kikapu cha mboga mkononi. Alikuwa mwenye furaha. Ijumaa angempeleka Akinyi kwao Siaya kwa mara ya kwanza, nyanya yake amwone kabla macho hayajamwishia kabisa.

“Lakini ticha, huyu mtoto amenishinda,” akasema. “Nguo hataki kubeba. Anataka kubeba daftari. Ati kuna mwanafunzi wako ako ushago anamngoja.”

 Akinyi alizaliwa Kibera. Hakuwahi kuvuka zaidi ya Ngong Road. Kwake ushago palikuwa mahali pamoja, kama soko au kanisa. Wajaluo na Waluhya wote waliteremka huko, na ukifika unamkuta aliyetangulia. Ijumaa angeshuka kwenye basi na daftari kifuani, na angeanza kuuliza watu. Angeuliza siku ya kwanza, na ya pili. Nyanya asiyeona vizuri angemjibu nini? Mwishowe mtu mmoja angemwambia ukweli kwa ukatili bila kujua, na mtu huyo angekuwa mgeni, mbali na dawati lake, mbali na mimi niliyeuanzisha uongo ule. Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na siku nne.

Nilienda jikoni. Mama Nafula alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe kwenye sinia. Hakuniambia karibu, alinisukumia upande mmoja wa sinia, nikaanza kuchambua. Nilimweleza kila kitu nikitazama maharagwe. Ndipo nilipofahamu kwa nini watoto walikuwa wakimsimulia mambo ambayo hawakuniambia mimi: mikono ikiwa na kazi na macho yana pa kutua, mdomo hauogopi.

“Leo ni wiki ya ngapi?” akauliza nilipomaliza.

“Ya kumi na moja.”

“Basi utaomba msamaha wa wiki kumi na moja. Hautakufa.” Akatupa jiwe dogo uani. “Lakini anza na mama ya marehemu. Huyo mtoto si wako wa kutangaza. Siku hizi unamwita nani, huyo mama?”

“Mama Sharleen.”

Mkono wake ulisimama juu ya sinia.

“Na Bramwel alizaliwa na nani?”

 Nilichambua maharagwe yaliyobaki yote.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama yule Soko la Toi, kwenye kibanda alichokuwa akisaidia kuuza sweta za watoto za mitumba. Alikuwa akizikunja kwa ukubwa, za wadogo chini. Nilitaka kumwita kwa jina lake. Nilifungua mdomo na likatoka lile jingine, Mama Sharleen, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nikamwambia nilichowaambia watoto, na ninachotaka kuwaambia sasa iwapo ataniruhusu.

Alikunja sweta mbili kabla ya kujibu.

“Ile kadi mlileta,” akasema, “niliisoma yote. Nilikuwa natafuta mwandiko wa mtoto. Hata mmoja. Nikasema labda walimsahau haraka, si ni watoto.” Akaiweka sweta. “Waambie, mwalimu. Mimi nimengoja mtu aseme.”

Basi sikilizeni jinsi nilivyofanya Jumatano, kwa kuwa mtalazimika kufanya hivyo siku moja. Tulianza baada ya uji. Mlango uliachwa wazi ili yeyote atakaye atoke. Mama Nafula aliingia na masinia sita ya maharagwe, akaketi sakafuni pamoja nasi, na kila kundi la watoto likapewa sinia. Sikusimama. Sikushika karatasi. Nilingoja mpaka vidole vyote viwe kazini.

Nikasema, “Bramwel amekufa. Alikufa siku ya ule moto. Mwili wake ulizikwa kwao Bungoma. Hatarudi shuleni. Niliwaambia ameenda ushago, na haikuwa kweli. Nilijua, na niliwadanganya, kwa sababu niliogopa. Halima alisema kweli nami nikamfanya aombe msamaha. Halima, mimi ndiye ninayepaswa kukuomba msamaha. Nisamehe.”

Sauti yangu ilivunjika kwenye jina la Halima, na hakuna kilichoanguka.

Watoto walitazamana. Halima alikuwa akitenga maharagwe yenye matundu, moja moja.

“Si sisi tulijua, ticha,” akasema polepole.

“Nyote?”

Vichwa viliinama na kuinuka darasa zima.

“Na mbona hamkuniambia?”

“Ungelia tena. Mimi nilikuona siku ile ukilia nyuma ya jikoni. Nikawaambia wote tusikuulize.” Akainua macho. “Hata nilikwambia pole, ukanikazia macho.”

Wiki kumi na moja nilidhani ninawalinda watoto thelathini na tisa. Watoto thelathini na tisa walikuwa wakinilinda mimi. Waliubeba ukweli wao na uongo wangu pia, wakaja shuleni kila asubuhi, wakasoma ukurasa wa kumi na nne. Mkitaka kujua ukakamavu ni nini, ni huo. Na mtu mzima asithubutu kuufurahia, kwa maana ni mzigo tuliowatwisha sisi.

Kisha maneno yakaja. Mmoja alisema Bramwel alikuwa na deni lake la bano mbili, zile gololi za kuchezea, na hamdai tena. Mwingine alitaka kujua kama aliumia sana. Nilisema sijui. Mwingine akauliza kama moto utarudi. Nilisema huenda, na ndiyo sababu tutajifunza pa kukimbilia, na kwamba tutakimbia bila kurudia begi. Semeni “sijui” mnapokuwa hamjui. Ni neno ambalo mtoto hukubali upesi kuliko mtu mzima.

 Akinyi aliendelea kuchambua, lakini nilimwona akichanganya mazima na mabovu, akiyatenga na kuyarudisha. Mama Nafula alisogea akakaa karibu naye, bega kwa bega, bila kumshika. 

“Mimi pia nilijua,” Akinyi akasema mwishowe, akiliambia sinia.

“Tangu lini?”

“Tangu Halima aseme.” Kidole chake kilisukuma haragwe moja hadi ukingoni. “Lakini wewe ulikuwa unatia tiki. Nikasema, kama amekufa, ticha hawezi kutia tiki. Kila siku ulikuwa unatia.”

Nimesemwa na wakubwa wa kazi, nimesemwa na wazazi walevi, nimesemwa na wakaguzi. Hakuna kilichowahi kunifikia kama hicho. Sikujitetea. Nilisema, “Ndiyo. Nilitia. Nisamehe, Akinyi.” Ndipo akalia, kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kama watoto wadogo wanavyolia, na Halima akalia, na darasa likalia, na Mama Nafula akainuka kwenda kuongeza maji kwenye uji, kwa kuwa alijua watakuwa na njaa wakimaliza.

Walikuwa na njaa.

Alipomaliza kikombe chake, Akinyi alitoa daftari lile begini, na zile karatasi zilizoshonwa kwa uzi.

“Sasa hii ni ya nani?”

“Sijui,” nikasema. “Wewe unaonaje?”

Alifikiri. Aliligeuza, akanyoosha pembe iliyojikunja.

“Ni ya mamake.”

Nilikutana na Akinyi hivi karibuni, msichana mrefu sasa. Aliniambia kwamba ile Ijumaa alisafiri na nguo peke yake, na kwamba njia yote ya kwenda Siaya alitazama nje dirishani, akashangaa jinsi kunavyoweza kuwa na ushago nyingi hivyo, kila kilima na watu wake. Nyanya yake alimpapasa uso kwa viganja, akamwuliza habari za shule, naye akamsimulia kuhusu Bramwel, yote, bila kuruka. Nyanya hakumzuia. Hilo ndilo nililotaka kuliokoa zile siku nne, na liliokolewa. Lakini lililonifanya niwaandikie leo lilitokea siku moja kabla ya safari hiyo, Alhamisi, darasani.

Mama yule alikuja baada ya chakula, akiwa na Sharleen mgongoni. Alisimama mlangoni akiangalia dawati. Walimu wenzangu wawili walimsalimu kwa lile jina jipya, naye akaitikia kama mtu anayeitikia kwa niaba ya jirani. Nami nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi kumwita ipasavyo. Sikuwahi.

Akinyi aliinuka na daftari. Alitembea katikati ya madawati, akasimama mbele yake, akamnyooshea kwa mikono yote miwili.

“Mama Bramwel,” akasema, “hii ni kazi yake.”

 Niliona mwalimu mmoja akipeleka mkono kinywani. Mama alilipokea daftari, akalifungua mahali popote. Alisoma kwa muda, kidole kikifuata mistari ile iliyoegemea upande. Kikasimama kwenye mkasi wa kalamu yangu nyekundu.

“Hii ya kukopa,” akasema, na kitu kikapita usoni mwake ambacho sikukitambua mara moja, kwa kuwa nilikuwa sijakiona kwake muhula mzima. Alikuwa anacheka. “Ilimshinda kabisa, huyu. Hata nyumbani.”

“Hata mimi nilimwambia,” Akinyi akasema. “Hasikii.”

Mama alilifunga daftari, akaliweka kifuani chini ya leso aliyombebea Sharleen, kisha akachuchumaa hadi uso wake ukalingana na wa mtoto.

“Niite tena,” akasema.

Akinyi akamwita tena.